Modeli za meli: Burudani ya subira inayotunza kumbukumbu ya bahari

KWA mtazamaji wa kawaida, meli ndogo iliyowekwa juu ya kabati la sebuleni ni pambo tu, sawa na saa ya ukutani au chombo cha maua. Kwa aliyeijenga, hata hivyo, kitu hicho kimebeba miezi, na pengine miaka, ya kupima, kukata, kupiga msasa, kufunga mafundo na kurudia upya kila kilichokosewa.

Ujenzi wa modeli za meli ni miongoni mwa burudani kongwe duniani ambazo hazijapoteza wapenzi wake. Katika miji mingi ya Ulaya, Marekani na Japan zipo jumuiya za watu wazima wanaokutana kwa ajili ya shughuli hiyo pekee. Kwa upande wa mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Kilwa, uchongaji wa vidau na majahazi madogo si jambo geni. Watoto huvichezea ufukweni na wageni huvinunua kama ukumbusho.

Ipo tofauti kubwa, lakini, kati ya kidau cha kuchezea na modeli iliyojengwa kwa vipimo. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya burudani hii iwe pia njia ya kuhifadhi elimu, na ndiyo inayomfanya anayeanza ahitaji kufikiri vizuri kabla ya kutoa fedha zake.

Asili yake

Historia ya vyombo vidogo vya mfano ni ndefu kuliko ya meli nyingi zinazoigwa leo. Wamisri wa kale walikuwa na desturi ya kuwazika wakubwa wao pamoja na mashua ndogo za mbao. Kaburi la Mfalme Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, lilikutwa na mashua za namna hiyo zipatazo 35.

Huko Uingereza, katika karne ya 17, zilianza kutengenezwa modeli za manowari za mfalme kwa ustadi wa hali ya juu. Nyingi kati ya hizo zilijengwa kwa skeli ya 1:48, yaani kila kipimo cha modeli ni sehemu moja ya 48 ya meli halisi, na mara nyingi sehemu ya chini iliachwa bila kufunikwa mbao ili mataruma yake yaonekane. Sehemu ya hazina hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya bahari la Greenwich, London.

Wakati wa vita kati ya Uingereza na Ufaransa vilivyoishia mwaka 1815, wafungwa wa Kifaransa waliozuiliwa Uingereza walijipatia riziki kwa kuchonga manowari ndogo kutokana na mifupa ya nyama iliyobaki jikoni. Kazi zao za gereza la Norman Cross zinaweza kuonekana hadi leo katika makumbusho ya mji wa Peterborough. Watu wasio na vifaa, wasio na fedha na wasio na uhuru waliweza kutoa kazi zinazostaajabisha mafundi wa leo. Kilichokuwapo kwa wingi ni muda.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaingia plastiki. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa meli yake ndogo ya kwanza ya kuunganisha, Golden Hind, mwaka 1952. Mwaka 1971 kampuni za mji wa Shizuoka, Japan, zilianza kwa pamoja kutoa mfululizo wa manowari za skeli ya 1:700 zinazoishia kwenye mstari wa maji, yaani zisizo na sehemu inayozama, ili zipangwe mezani kana kwamba zinaelea. Tangu hapo burudani iliyokuwa ya mafundi seremala iliwafikia hata wanafunzi wenye meza ndogo na fedha kidogo.

Skeli ni nini na kwa nini ni muhimu?

Jambo la kwanza ambalo anayeanza anapaswa kulielewa ni skeli. Kanuni yenyewe ni nyepesi: urefu wa meli halisi hugawanywa kwa namba ya skeli.

Chukua mfano wa meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, yenye urefu wa zaidi ya meta 71. Kwa skeli ya 1:100 modeli yake itakuwa na urefu wa sentimeta 71, kiasi cha kujaza meza ndogo. Kwa skeli ya 1:350 itakuwa sentimeta 20, na kwa 1:700 itabaki sentimeta 10 tu, inayoweza kulala kiganjani.

Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyomalizikia katika delta ya Mto Rufiji mwezi Julai 1915, ilikuwa na urefu wa meta 115. Kwa 1:350 inakuwa sentimeta 33. Titanic, yenye meta 269, inafikia sentimeta 77 kwa skeli hiyohiyo. Anayekaa katika chumba kimoja cha kupanga anapaswa kuzifanya hesabu hizi kabla ya kununua chochote.

Skeli pia ndiyo inayoamua ni kitu gani kionekane na kipi kiachwe. Mtu mwenye urefu wa meta 1.7 huwa na sentimeta 2.4 katika skeli ya 1:72, na anaweza kuchongwa hadi vidole. Katika 1:700 mtu huyohuyo ana milimeta 2.4, sawa na punje ndogo ya mchele iliyokatika. Kamba yenye unene wa sentimeta 5 huwa uzi wa milimeta 0.7 katika 1:72.

Hapa ndipo kazi nyingi za kuuzia watalii zinapopungukiwa. Mwili wa jahazi huweza kuwa umechongwa vizuri, lakini kamba zake zikawa nene kiasi kwamba, zikirudishwa katika ukubwa halisi, zingekuwa na unene wa paja la mtu. Jicho la mtazamaji, hata asiyejua bahari, hugundua kuwa kuna kitu hakikukaa sawa.

Ipo hesabu nyingine muhimu kwa anayetaka modeli yake ielee. Urefu ukipunguzwa mara 100, ujazo haupungui mara 100 bali mara milioni moja, kwa kuwa hupungua kwa urefu, upana na kina. Upepo, kwa upande wake, haupunguzwi. Ndiyo maana jahazi dogo lililonakiliwa kwa usahihi kabisa hupinduka mara linapotiwa majini na tanga lake kamili. Wajenzi wa modeli zinazoelea huongeza risasi chini ya mkuku au hurefusha mkuku wenyewe.

Namna ya kuchagua

Kwa ujumla zipo njia tatu. Ya kwanza ni seti ya plastiki, ambamo vipande vyote vimeshatengenezwa kiwandani na kazi ya mjenzi ni kuvikata, kuvisafisha, kuvigandisha na kuvipaka rangi. Ya pili ni seti ya mbao, yenye mkuku na mataruma ya plaiwudi yaliyokwisha kukatwa, pamoja na fito nyembamba za kufunika ubavuni. Ya tatu ni kujenga kutoka mwanzo kwa kufuata michoro, ambapo kila kipande hutoka mikononi mwa mjenzi.

Kosa linalowaangusha wengi ni tamaa. Mtu huona picha ya HMS Victory, manowari ya Admeli Nelson iliyoshushwa majini mwaka 1765, yenye milingoti mitatu na mizinga ipatayo 100, akaona ndiyo ya kuanza nayo. Seti ya mbao ya meli hiyo huhitaji maelfu ya vipande na huweza kumchukua fundi mzoefu miaka kadhaa. Anayeanza hufika kwenye ubavu wa kwanza, fito zikapinda vibaya, kisha sanduku likapelekwa uvunguni na kusahaulika huko pamoja na fedha zilizolinunua.

Busara ni kuanza na chombo chenye mlingoti mmoja au miwili, chenye umbo la wazi na kamba chache. Kwa hili wakazi wa mwambao wana bahati. Mashua, dau na jahazi zina tanga moja kubwa, foromali moja na kamba chache, lakini umbo la mwili wake ni zuri na lina mafunzo yote ya msingi. Ngalawa, yenye mwili uliochongwa katika gogo na matengo mawili ubavuni, ni nyepesi zaidi.

Swali la pili la kujiuliza ni hili: meli ya mwaka gani? Meli huishi na kubadilika kama mtu. Liemba yenyewe ni ushahidi. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikafunguliwa vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Wakati wa vita ilifungwa mzinga uliotolewa kwenye Königsberg. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli.

Kwa hiyo anayejenga Goetzen ya vita akaipaka rangi za Liemba ya abiria amejenga meli ambayo haikuwapo kamwe. Mjenzi makini huchagua mwaka kwanza, kisha hutafuta picha na michoro ya mwaka huo.

Vifaa na hatua za kazi

Burudani hii haidai karakana kubwa. Kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, tupa ndogo, keekee ndogo ya mkono, vibanio vya nguo, msasa wa aina mbili au tatu, gundi nyeupe ya mbao na taa yenye mwanga wa kutosha vinatosha kwa kazi ya kwanza. Jiliwa dogo la mezani ni msaada mkubwa. Mashine zinaweza kusubiri.

Katika modeli ya mbao, kazi huanza na mkuku. Ukipinda mkuku, hakuna ufundi utakaoinyoosha meli baadaye. Mataruma hufuata, yakipangwa kwa pembe mraba juu ya mkuku, kisha kingo zake hupigwa msasa kwa mshazari ili fito zikae bila kuacha nafasi.

Upigaji wa fito ndiyo hatua inayotenganisha fundi na mwanafunzi. Fito hulowekwa majini au kupitishwa kwenye mvuke ili zikubali kupinda. Hupigwa kwa zamu, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto. Anayemaliza upande mmoja kwanza hujikuta na chombo kilichojikunja kama ndizi, kwa kuwa nguvu ya fito huvuta mkuku. Aidha, kwa kuwa mwili wa chombo ni mpana katikati na mwembamba kuelekea omo na tezi, fito hazina budi kupunguzwa upana kwenye ncha. Fito zisipopunguzwa hupandana, na kulazimishana kwake huonekana hata chini ya rangi.

Baada ya mwili hufuata sitaha, usukani, nanga na vifaa vidogo, kisha milingoti. Kamba zinazoshikilia mlingoti hufungwa kwanza, ndipo zifuate zile za kupandishia na kuelekezea tanga. Mwenye kugeuza utaratibu huo hulegeza kamba za kwanza kila anapokaza za pili.

Katika plastiki changamoto ni nyingine. Alama za viunganishi huondolewa kwa msasa laini, na rangi hupakwa kwa tabaka nyembamba kadhaa badala ya moja nzito inayofunika michoro midogo. Siku hizi zipo pia reli na ngazi za shaba nyembamba mno, pamoja na vipande vinavyochapishwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, ambavyo vimeifanya hata meli ya sentimeta 20 ionekane kama halisi.

Tahadhari za kiafya si za kupuuzwa. Vumbi la mbao huingia mapafuni. Barakoa ni lazima wakati wa kupiga msasa. Gundi za papo hapo na rangi za mafuta hutoa mvuke unaodhuru, hivyo madirisha yafunguliwe. Risasi ishikwe kwa uangalifu, mikono ioshwe kabla ya kula, na wembe uwe mbali na watoto.

Kazi ikikamilika, adui ni vumbi, jua na unyevu wa pwani. Kasha la kioo lenye matundu ya kupitisha hewa ndilo suluhisho. Lisijengwe kwa mbao za mwaloni iwapo modeli ina vipande vya risasi, kwani mbao hizo hutoa mvuke wenye asidi unaoigeuza risasi kuwa unga mweupe.

Zaidi ya burudani

Thamani kubwa ya modeli huonekana pale meli yenyewe inapotoweka. Manowari Vasa ya Sweden ilizama katika safari yake ya kwanza, Agosti 10, 1628, ikaibuliwa mwaka 1961. Katika jumba lake la makumbusho mjini Stockholm imewekwa kando yake modeli ya 1:10 iliyopakwa rangi, ili mgeni aone jinsi meli ilivyong'ara kabla matope hayajaifuta. Mabaki yanaonyesha kilichobaki. Modeli inaonyesha kilichokuwapo.

Mwambao wa Afrika Mashariki una hadithi yake, nayo inauma zaidi. Mtepe, chombo cha Waswahili ambacho mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za nazi, na ambacho tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba uliosukwa, ulisafiri katika bahari hii kwa karne nyingi. Omo yake iliinuka kama shingo ya ngamia na kuchorwa macho. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mtepe ulitoweka. Mafundi walioushona walifariki bila warithi.

Anayetaka kuufahamu leo hutegemea picha chache, maandishi ya watafiti na modeli zilizohifadhiwa, zikiwamo za makumbusho ya Lamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulijengwa mtepe wa ukubwa kamili ndani ya jumba la Beit el-Ajaib, Unguja. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba hilo iliporomoka na kuua watu wawili. Msiba huo ulikumbusha kuwa kumbukumbu iliyowekwa mahali pamoja ni dhaifu, hata kama mahali penyewe ni jumba la mfalme.

Majahazi ya leo nayo yamo njiani. Boti za faiba na injini za nje zinachukua nafasi ya tanga, na mbao nzuri zimekuwa ghali. Kila eneo lina umbo lake: omo ya jahazi la Lamu husimama karibu wima, ilhali ya jahazi la Unguja hulala mbele. Tofauti za namna hiyo zimo zaidi katika macho ya mafundi kuliko katika karatasi, kwa kuwa fundi wa pwani hujenga kwa kipimo cha jicho na mkono, bila mchoro.

Hapo ndipo mkazi wa mjini mwenye rula, daftari na kamera anapoweza kufanya jambo la maana. Jahazi lililopandishwa ufukweni kwa ajili ya kalafati hupimika kwa mchana mmoja, mwenyewe akiombwa ruhusa kwa heshima. Urefu wa mkuku, upana wa kila taruma la tatu, mlalo wa omo, urefu wa mlingoti na wa foromali, pamoja na majina ya kila kipande kama nahodha anavyoyataja, vyaweza kutosha kujenga modeli ya 1:24. Jahazi la meta 18 litakuwa na sentimeta 75, na mbao zake za sentimeta 5 zitakuwa na unene wa milimeta 2.

Modeli ya namna hiyo haihitaji seti kutoka ng'ambo. Huhitaji vipande vya mtiki au mwembe vilivyotupwa na maseremala, nguo ya pamba kwa tanga na jioni nyingi za subira. Wasukaji wa mtepe hawakuacha mchoro, na wajukuu wao wanalipa gharama hiyo hadi leo. Jahazi linalooza ufukweni bila kupimwa halitaweza kujengwa tena na yeyote, liwe kubwa au dogo.